Joto la Kwenda Mnyambe

Masasi hakuna mtu anayejua kama hita ya gari lake inafanya kazi. Ukimuuliza atakutazama kana kwamba umemuuliza habari za mkia wake. Mji wenyewe umekaa katikati ya majabali yanayokunywa jua kutwa nzima na kulirudisha jioni, sasa nani ahangaike na alama nyekundu kwenye dashibodi? Tunachokijua ni upande wa bluu, na huo nao mara nyingi umeshakufa, tunashusha vioo maisha yanaendelea. Mimi nilikaa na gari langu miaka kadhaa, nikisambazia wateja chakula cha kuku, pumba imejaa mpaka kwenye mikanda ya viti, na sikuwahi kugusa hita yake hata kwa bahati mbaya.

Niliigusa kwa sababu ya mama.

Mama alikuwa mtu wa Mnyambe, huko juu Newala, na si kwa kuzaliwa tu. Nyumba yake ilisimama kwenye kiwanja cha mama yake, ambaye naye alikipata kwa mama yake, kama ilivyokuwa kwetu Wamakonde tangu zamani. Baba yangu alihamia pale kama mgeni na akazikwa pale, mgeni aliyependwa sana. Mikorosho ya nyuma ya nyumba mama aliijua mmoja mmoja, upi mvivu, upi unajitia maua mengi halafu unakuletea korosho za kujaza kiganja. Kisha akaugua kifua. Alilazwa hospitali ya Ndanda, akarudi amepata nafuu lakini si yule tena, na daktari alikuwa amemwonya asikae kwenye baridi. Ndipo kaka yangu, mzaliwa wa kwanza, akatoa amri kutoka Dar es Salaam kwamba mama akakae kwangu Masasi. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na yeye ndiye mjomba wa wanangu, kwa hiyo hata akiongea upuuzi mimi huuma meno nikasema ndiyo kaka. Safari ile hakuwa anaongea upuuzi, na hilo ndilo lililoniudhi.

Mama akaja na blanketi lake, sufuria zake na jembe, ingawa nilimwambia uani kwangu ni saruji tupu. Hakulalamika. Alikaa kibarazani mbele ya stoo yangu ya pumba, na kila mteja aliyetoka Newala alimsimamisha. Alimuuliza kama ukungu umeanza, kama watu wametoa masweta, kama mikorosho imeanza maua. Kipupwe kilipoingia ndiyo ikawa shida. Kaupepo ka asubuhi ka Masasi kalikuwa kanamfikia pale kibarazani, anakavuta kwa pua, anafumba macho, halafu anayafungua na kuniona mimi na magunia yangu.

"Hiki mnachokiita kipupwe huku," aliniambia siku moja, "ni kivuli tu."

Alitaka kwenda nyumbani. Alilisema wazi, hakuzungukazunguka. Alitaka aione nyumba yake na mikorosho yake ikiwa na maua, kipupwe hichohicho, maana hakuwa ameandikiana na Mungu habari za kingine.

Mara ya kwanza sikumwambia kaka. Nilimfunga mama kanga juu ya sweta na blanketi juu ya kanga, tukaondoka asubuhi. Tulipoanza kupanda kuelekea Newala ukungu ukatupokea. Kioo cha mlango wa nyuma hakifungi mpaka juu, na upepo uliingia hapo kana kwamba umekodishiwa siti. Mama akaanza kutetemeka. Nikakumbuka ile alama nyekundu, nikageuza kitufe mpaka mwisho, feni ikaanza kuvuma kwa nguvu zake zote, na kilichotoka kikampiga mama miguuni kilikuwa baridi kuliko cha dirishani. Akakohoa. Akakohoa tena, akashindwa kuacha. Nikageuza gari.

Tulikuwa tumeanza kuona tena nyumba za Masasi. "Vifaranga vyako," akasema, "vinapata joto kuliko mimi."

Stoo kwangu nina banda la vifaranga vinavyowashiwa taa kutwa kucha, na alitaka kunitania, namjua. Lakini sauti ilimkatikia katikati. Nilisimamisha gari pembeni, nikashuka, nikajifanya nakagua tairi, nikalia.

Kaka akajua, kwa kuwa mama mwenyewe alimwambia kwenye simu. Akapandisha sauti mpaka nikaiweka simu mezani nikaendelea kupima pumba. Alipopoa akatoa sharti. Mama hapandi Newala kipupwe ndani ya gari linalopuliza baridi. Siku gari litakapotoa joto, nimpeleke asubuhi na kumrudisha jioni, kulala huko hapana. Nafikiri alilitoa sharti lile akiamini halitatimia. Kaka hanijui vizuri.

Fundi wangu ni Myao, na kati yetu sisi na wao kuna utani ambao ukiuacha mtu anadhani umemkasirikia. Nilimfuata gereji kwake na mama nikiwa naye, sababu hakukubali kubaki.

"Shikamoo mama," fundi akamwamkia kwa adabu zote.

"Marahaba mwanangu."

Akamletea kiti, akakipangusa kwa kitambaa kichafu kuliko kiti chenyewe. Kisha akanigeukia. "Hita? Mtani, umehamia Ulaya bila kuaga?"

"Nampeleka mama Newala."

"Kule juu mlipanda wenyewe, hamkufukuzwa na mtu. Leo mnaogopa baridi mliyoichagua?"

"Fungua boneti, kabla sijaanza kusema habari zenu mbele ya wateja wako."

Akafungua. Akaingiza mkono nyuma ya injini, akapapasa, akacheka. Joto la hita, alinieleza, halitengenezwi na hita. Ni maji yaleyale yanayopoza injini, yanapita na moto wake kwenye mipira miwili hadi ndani ya dashibodi, feni inayapulizia, ndiyo joto lenyewe. Kwenye gari langu mipira ile miwili mtu alikuwa ameiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba. Maji ya moto yalifika mlangoni yakageuzwa.

Akakata, akarudisha kila mpira mahali pake, akaingiza maji ya bomba kwa nguvu kusafisha njia. Upande wa pili yakatoka mekundu ya kutu, mengi, yakitiririka mchangani. Mama alikuwa akitazama, na nikaona mikono yake haitulii. Yeye alikulia zama za kushuka bondeni alfajiri kufuata maji na kupanda ile miinuko na mzigo kichwani, na mpaka anazeeka hakuweza kuona maji yakimwagika bila kuumia.

"Weka beseni," alisema.

"Mama, haya ni kutu tupu. Hata bata hayamfai."

"Weka beseni, mwanangu."

Fundi akaenda kutafuta beseni. Alilikinga, yakajaa, akayabeba akayamwaga nyuma ya ukuta ambako mama hawezi kuona. Mama akaridhika.

Tukawasha gari. Tukangoja. Ikatoka hewa ya vuguvugu, kama uji uliosahauliwa mezani, na tulipozunguka nalo mtaani hata vuguvugu lile likapotea. Fundi akakuna kichwa. Akafungua tena, akalegeza boliti za kifuniko fulani pale mpira mkubwa wa rejeta unapoingia kwenye injini, akachungulia.

"Hamna kitu humu," akasema. "Themostati haipo. Mjinga gani ameitoa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Siku nilipolileta likitoka bandarini. Ulinipa mkononi, ukasema hiki kidude ni cha nchi za baridi."

Akalitazama gari, akanitazama mimi, akamtazama mama. "Basi nilikuwa na sababu," akasema.

Na kweli sababu ilikuwepo. Themostati ni kifuniko kidogo cha shaba chenye springi. Kinayafungia maji ndani ya injini mpaka yapate moto wa kutosha, ndipo kinafungua yapite kwenda kupoa kwenye rejeta. Huku kwetu kila fundi anaamini kinachemsha injini bure. Gari likifika Masasi linafanyiwa mambo mawili, linaombewa na linatolewa themostati, na ukimuuliza mwenye gari lipi ni la lazima zaidi atafikiri kwanza. Bila kile kifuniko maji hayatulii kupata moto, yanapita tu, na hita inabaki kupuliza ilichonacho.

"Itabidi tuagize Dar," nikasema, nikiona safari imekwisha, maana maua ya mikorosho hayasubiri basi la mizigo.

Fundi akapangusa mikono. Aliingia ndani akapekua, akatoka amebeba kopo kubwa la maziwa ya unga, akalitikisa. Hakuwa amezitupa. Themostati za nusu ya magari ya Masasi zilikuwa mle, la padri, la mwalimu mkuu, la muuza simenti, zimelala moja juu ya nyingine kama konokono, nyingine zimeota ukungu wa kijani. Tatizo ni kujua ipi bado nzima, na dawa yake ni maji ya moto. Themostati nzima ukiichemsha hufunguka, ukiitoa ikapoa hujifunga. Lakini mke wa fundi alisema, kutoka dirishani na bila kutoka nje, kwamba sufuria yake haipikiwi vyuma.

"Twendeni nyumbani," mama akasema. "Mimi ninazo sufuria."

Basi tukapika. Uani kwangu, kwenye jiko la mkaa, sufuria ya mama ile ya kupikia ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, na yeye mwenyewe kwenye kigoda akipepea. Nilitaka kumpokea kipepeo akakisogeza mbali nami. Fundi alichagua zile zenye kipimo cha gari langu akazitumbukiza. Moja ilikuwa imekaa wazi tangu mwanzo na ikabaki wazi. Nyingine maji yalitokota mpaka yakaruka nje nayo imeuma tu meno. Jirani akapita na ndoo, akasimama.

"Shikamoo bibi. Mnapika nini leo?"

"Marahaba. Napika safari," mama akasema.

Jirani akanitazama mimi, kuona kama mama yuko sawa. Mama alikuwa sawa kuliko sisi sote. Miezi yote ile nilimwogesha, nikampa dawa, nikamkalisha, nikamlaza, na hakuna hata siku moja niliyomwona akiwa mwenyewe kama pale, macho mekundu kwa moshi, ameinamia sufuria. Ningepewa siku moja ya kumrudisha, nisingechagua sikukuu yoyote, ningechagua mchana ule wa kuchemsha vyuma.

"Huyu anaamka," akasema.

Tukainama. Kweli, kifuniko kilikuwa kinajisukuma chenyewe, kidogokidogo, kikaacha mwanya. Mama akaichota kwa upawa, akaiweka kwenye sahani, tukaitazama ikijifunga polepole kama jicho. Akairudisha majini. Ikafunguka tena. Fundi akaitoa, akaipangusa kwenye suruali, akaenda kuifunga kwenye gari jioni ileile, akaweka na maji ya rejeta yale ya kijani badala ya maji ya bomba, huku akiapa hajawahi kusema maji ya bomba yanatosha.

Tulipolijaribu mshale wa joto ukaanza kupanda. Mimi katika maisha yangu na gari lile nilikuwa sijawahi kuuona mshale ule ukinyanyuka kutoka chini. Ulipofika katikati nilikanyaga breki katikati ya barabara. "Linachemka," nikasema.

"Hapo ndipo panapotakiwa," fundi akasema. Lakini mkono wake ulikuwa umeshashika kitasa cha mlango.

Mshale ukasimama palepale. Nikageuza kitufe kwenye nyekundu. Kwanza ikatoka harufu ya vumbi la nchi nyingine, kisha pumba yangu iliyokaushwa, kisha joto. Joto zito, la kweli, likanipanda kwenye vifundo vya miguu na kunipita magotini. Nilitoa jasho, nje watu wanapita na mashati mepesi, na nikakataa kuzima.

Kaka hakuniamini. Nikachukua kipimajoto cha banda la vifaranga, nikakining'iniza mbele ya tundu la hita, nikampigia picha nikamtumia. Akaandika, "Sawa. Jioni awe Masasi."

Tulipanda Newala ukungu ukiwa umelala barabarani. Kwenye mwinuko ule uliotushinda mama alitoa blanketi. Mbele kidogo akatoa kanga. Tulipopita Newala mjini alikuwa amebaki na sweta, mashavu yamemng'aa, anawaonyesha watu waliojikunyata barabarani na kuwaonea huruma kwa sauti. Tukaingia barabara ya vumbi ya kwenda Mnyambe. Mikorosho ilikuwa na maua pande zote, vile vishada vyake vya rangi ya waridi iliyofifia, na harufu yake tamu ikapenya mpaka ndani. Mama akabandika paji la uso kwenye kioo. Sikumsemesha.

Nilisimama mbele ya nyumba yake, nikaacha gari linaunguruma, kwa sababu injini ikizimwa na joto linakwisha. Nikamwambia asishuke, watu watamfuata hukohuko. Wakamfuata. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja mfupi mwenye fimbo, mwenzake waliyechezwa naye unyago msimu mmoja, ambaye tangu utotoni nilimjua kama mama mwingine. Akafungua mlango wa nyuma, joto likamkumba usoni, akabaki ameduwaa. Halafu akaingia. Akaja wa pili, akaingia. Walijaa mle, bibi watano sita, wamevua kandambili, miguu wameielekeza mbele, vioo vikafunga ukungu kwa pumzi zao. Walikuwa wakiongea Kimakonde kwa kasi niliyoipoteza mjini. Nilisikia vicheko. Nilisikia mmoja akiuliza kama mle ndani huwa wanafugwa kuku.

Mimi nilibaki nje, mikono kwapani, natetemeka. Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la nyumba ya mama. Nilidhani wanatuchemshia chai.

Jua lilipoanza kulegea nikagonga kioo. Kikashuka. "Mama, tuanze kurudi. Kaka amesema jioni."

"Zima gari," mama akasema.

"Nikizima baridi itaingia."

"Naijua hiyo baridi. Zima, unaunguza mafuta bure."

Bado sikuelewa. Mimi ni mwepesi wa hasira na mzito wa kuelewa. Nilizunguka nikafungua mlango wa dereva nikaanza kumweleza habari za kifua, za daktari, za kaka, na bibi wale wote wakawa wamenyamaza wananitazama, na hapo ndipo nikaona kwamba hakuna hata mmoja anayeshangaa. Ule moto ndani ya nyumba haukuwa wa chai. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, nilikuja kukiona baadaye, na kuni zimepangwa mpaka dirishani. Wateja wangu wa Newala, wale aliokuwa akiwauliza habari za ukungu, walikuwa wakipanda na maneno yake kila wiki, na mimi nawapimia pumba.

"Mwanangu," mama akasema, kwa upole ambao uliniuma kuliko angenikaripia. "Umenifikisha. Nimefika."

Nikazima. Feni ikanyamaza. Baridi ikaanza kuingia kwenye milango iliyo wazi, polepole, na mama akaivuta kwa pua, akateremsha mguu mmoja, akateremsha wa pili. Mwenzake akampa bega. Walikwenda hivyo mpaka mlangoni, wawili kwa fimbo moja, na hakukohoa.

Nilimpigia kaka nikiwa nimeegemea boneti, ilikuwa bado ya moto. Nilimweleza. Nilijiandaa kuiweka simu mbali na sikio.

"Umemwachia blanketi?" akauliza.

"Nimemwachia."

Nikamsikia akihema. "Basi," akasema, akakata simu.

Mama hakuuawa na baridi. Alikaa kwake, akaota moto wake, akapalilia chini ya mikorosho yake kadiri alivyoweza, na alipoondoka aliondoka wakati wa joto, mabibo yakiwa yameanguka. Watu huniambia nilifanya jambo jema. Sijui. Najua nilivyoteremka jioni ile peke yangu, hita nimeiwasha, matundu yote ya hewa nimeyaelekeza upande wa kiti chake tangu asubuhi, miguu yangu inakufa ganzi, na sikuyageuza mpaka Masasi.

Kipupwe chote kile nililala na simu kifuani. Nilikuwa nangoja anipigie aseme baridi imemshinda, nije nimchukue. Mafuta nilijaza kabisa, nikawa tayari. Alikuwa akinipigia kila Jumapili, anacheka, anauliza habari za vifaranga, na hakulisema hilo hata mara moja.